Salamu za Felicitas

Maua,
10 Februari 2025

Mwalimu wangu Muthamia,

Salamu nyingi kutoka huku. Sijui kama unanikumbuka. Mimi ni Sahra, binti ya Barre mwenye duka la jumla hapa Maua. Ulinifundisha hesabu hadi kidato cha nne pale Meru mjini, na siku za mitihani mkeo, Mama Felicitas, aliniita nyumbani kwenu, ndani ya uwanja wa shule, akanipa chai ya saa nne.

Nilipiga simu yako nikakusikia ukisema hunisikii, kisha ukakata. Dereva wetu, Khalif, hupita hapo Kianjokoma kuchukua makadamia. Bundi mwenye duka alimwambia kwamba masikio yako yamekwisha lakini macho bado yanasoma. Ndiyo maana naandika.

Ndoa yangu ilivunjika mwaka juzi, nikarudi kwa baba. Sasa nasomea diploma ya ualimu. Mwaka jana nilianguka karatasi ya hesabu. Nimepewa nafasi moja tu ya kurudia, mwezi wa Julai. Nikianguka tena, mambo ya ualimu yameisha. Nitapima mchele dukani hadi nizeeke, na watu watasema hata hilo nalo limemshinda.

Kilichoniangusha ni namba changamano. Mkufunzi aliandika ubaoni kipeuo cha pili cha hasi moja, akakiita i, akaendelea kama mtu aliyesema jambo la kawaida. Mwalimu, wewe ndiye uliyetuambia kwamba namba yoyote ikizidishwa kwa yenyewe haiwezi kutoa hasi. Nani alinidanganya kati yenu wawili?

Baba alikataa nisikuandikie. Alisema mwanamke aliyeachika haandikiani na mwanamume, hata awe mwalimu. Mama akamkumbusha ile chai. Baba akafikiri, akasema kama mke wa mwalimu yumo nyumbani, basi barua zinaingia katika nyumba ya watu, si kwa mtu mmoja. Sharti lake ni kwamba kila barua yako nimsomee kwa sauti.

Nisalimie sana Mama Felicitas.

Mwanafunzi wako,
Sahra Barre

*

Kianjokoma,
17 Februari 2025

Binti yangu Sahra,

Nakukumbuka. Ulikuwa ukimaliza swali unaweka kalamu chini kwa kishindo ili wengine wajue.

Hakuna aliyekudanganya. Nilisema kweli kuhusu namba nilizokufundisha. Sikusema hizo ndizo zote. Sasa ondoka mezani, simama mlangoni pa duka lenu ukitazama barabara. Kila hatua ya kwenda mbele ni namba chanya: moja, mbili, tatu. Kila hatua ya kinyumenyume ni hasi. Kuzidisha kwa hasi moja ni nini? Ni kugeuka kabisa, uso ukawa ulikokuwa mgongo. Zidisha tena kwa hasi moja, umerudi ulivyokuwa. Hiyo ndiyo sababu hasi mara hasi ni chanya, na huenda sikuwahi kukueleza.

Jiulize basi: ni tendo gani ambalo ukilifanya mara mbili linakuwa kugeuka kabisa? Usikimbilie vitabu. Ligeuze kwa mwili wako. Ni robo ya mzunguko. Geuka kushoto mara moja, hutazami mbele wala nyuma; unatazama ng'ambo, mahali ambapo ule mstari wetu wa namba haupiti. Geuka tena kushoto, unatazama nyuma. Robo hiyo ndiyo i. Ukiizidisha kwa yenyewe unapata hasi moja. Si uchawi. Ni upande ambao hatukuwa tumeutazama.

Kwa hiyo namba changamano ina sehemu mbili: hatua za mbele au nyuma, tunaziita sehemu halisi, na hatua za upande, tunaziita sehemu dhahania. 3 + 2i ni hatua tatu mbele, mbili kushoto. Kujumlisha ni rahisi: za mbele na za mbele, za upande na za upande. Jaribu (3 + 2i) + (1 + 4i), kisha uchore unapoishia.

Mwambie Mzee Barre namheshimu kwa sharti lake. Felicitas anakusalimu. Yuko hapa anamenya viazi, anasema bado anaikumbuka sauti yako.

Mwalimu wako,
Hezekiah Muthamia

*

Kianjokoma,
17 Februari 2025

Felicitas,

Leo nimekuandika ukiwa hai.

Sikupanga. Nilimaliza hesabu, kalamu ikafika mahali pa salamu, nikaona kama ningeandika kwamba ulizikwa hapa chini shambani mwaka wa 2022, yule mzee wa Maua angefunga mlango siku hiyohiyo, naye msichana angeanguka mtihani. Hiyo ni sababu moja. Nitakuambia na ya pili, kwa kuwa wewe hukubali hadithi nusu: niliogopa barua ile iwe ya mwisho.

Unajua hali ya nyumba hii. Mwenda hutuma ujumbe kutoka Qatar kila Jumapili: Baba, uko sawa? Nami najibu: niko sawa. Watu wa ukoo wako ni wema, hunipungia mkono wakipita kwenda kupeleka majani chai, lakini kuzungumza na kiziwi ni kazi, na mimi kwao bado ni yule Mmeru aliyekuja nyuma ya mke. Kuna wiki ambayo sikusema neno hata moja kwa sauti, nikagundua tu pale paka alipomwaga maziwa nikataka kumkemea, koo likagoma.

Daktari wa Embu aliniandikia kwenye karatasi, kwa sababu sisikii, kwamba moyo wangu umechoka. Miguu imevimba. Akaandika pia: nani anakaa na wewe? Nikamwandikia: mke wangu. Kwa hiyo huyu msichana si wa kwanza kudanganywa.

Nisamehe kwa viazi. Hukupenda kumenya.

Wako,
Hezekiah

*

Maua,
10 Machi 2025

Mwalimu wangu,

Nimepata 4 + 6i. Nilisimama kweli mlangoni pa duka nikawa nageuka kushoto, kushoto, hadi mteja mmoja akamuuliza baba kama nimepandwa na kitu. Baba akamwambia anasoma, muache.

Lakini baba hajaridhika. Barua yako nilimsomea baada ya futari, naye akasikiliza hadi mwisho akikunja uso. Anasema yeye amefanya biashara tangu akiwa kijana na hajawahi kuuza i ya kitu chochote. Kama namba haiwezi kuhesabu magunia, ni namba ya nini? Nikamwambia hasi pia haihesabu magunia. Akasema hasi anaifahamu vizuri sana, aulizwe yeyote anayekopesha watu wa Maua.

Mimi pia nauliza, kwa adabu. Kama ni ya kudhania tu, kwa nini tuibebe?

Mama amefurahi kusikia Mama Felicitas yupo na anakumbuka. Amempelekea samli, ameichemsha mwenyewe. Iko ndani ya kopo la bluu, Khalif ataliacha kwa Bundi. Baba katika dua za mwezi huu ametaja jina lake na lako, kwamba Mungu awape afya nyinyi wawili. Nimeona nikuambie.

Sahra

*

Kianjokoma,
18 Machi 2025

Binti yangu Sahra,

Mwambie baba yako swali lake ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa na walimu wenzangu. Nitamjibu kwa shamba, kwa sababu huku kwetu hakuna asiyegawanya shamba.

Mtu anataka kipande cha pembe nne. Urefu na upana vikijumlishwa viwe 6, na eneo liwe 13. Mpe. Ukimpa 3 kwa 3, eneo ni 9, na hilo ndilo kubwa kabisa linalowezekana. 13 haipatikani. Mpimaji atafunga kamba zake aende. Lakini mlinganyo haukuambii uende. Unakupa jibu: 3 + 2i na 3 – 2i. Jumlisha: za upande zinafutana, unabaki na 6. Zidisha: 9, kisha 6i inayofutana na hasi 6i, kisha hasi 4 mara hasi moja, yaani chanya 4. Jumla 13. Tazama hapo. Hakuna shamba kama hilo Embu nzima, lakini hesabu zake ni za kweli toka mwanzo hadi mwisho.

Ndiyo sababu tunaibeba. Kuna safari nyingi za hesabu zinazoanzia kwenye namba halisi na kuishia kwenye namba halisi, lakini katikati barabara imekatika. Mtu anayekubali kupita upande, akashika i mkononi kwa muda, anavuka. Asiyekubali anabaki pale pale akisema hakuna njia.

Sasa zidisha mwenyewe (2 + i)(3 + 2i). Kila kimoja kwa kila kimoja, kama tulivyofanya darasani.

Samli imefika. Felicitas ameshukuru sana, amepika nayo wali. Chombo cha watu hakirudi kitupu, kwa hiyo analirudisha kopo na kitu kidogo kwa mama yako, Mama Qali. Mwambie Mzee Barre dua yake imepokelewa katika nyumba hii kwa unyenyekevu.

Mwalimu wako,
Hezekiah Muthamia

*

Maua,
3 Aprili 2025

Mwalimu wangu,

Idi imepita salama. Tulikula, tukatembelewa, sasa nimerudi kwenye vitabu.

Baba amecheka hadi machozi. Tulifungua kopo tukakuta pakiti mbili za sukari. Alizigeuza akaona ni zile zile anazowauzia watu wa Embu kwa jumla. Akasema, "Huyu Muthamia ni mfanyabiashara kunishinda. Ananirudishia sukari yangu ikiwa imetalii." Tangu siku hiyo kila mteja anasimuliwa.

Mama hakucheka. Alilitazama kopo, akauliza kama kwenu njahi hazikuzaa mwaka huu, au ndizi, au nduma. Nikamwambia sijui. Akaliosha akaliweka juu ya kabati. Amesema tu kwamba anataka kumwona Mama Felicitas kwa macho yake, kabla ya mtihani wangu. Baba amekubali amlete.

Jibu langu la kuzidisha ni 8 + 7i. Naona limenyooka.

Sahra

*

Kianjokoma,
12 Aprili 2025

Binti yangu Sahra,

Halijanyooka. Ulizidisha vizuri ukafika 6 + 4i + 3i + 2i², kisha ukaichukua ile 2i² ukaihesabu kama 2. Umesahau robo mbili zinakugeuza nyuma. 2i² ni hasi mbili. Kwa hiyo 6 toa 2 ni 4, na jibu ni 4 + 7i. Kosa hili litakuua Julai kama hutaliua wewe kwanza. Kila ukiona i², simama, geuka, kisha andika.

Leo tugawanye, maana hapo ndipo watahini hupenda kuwavizia watu. (4 + 7i) gawanya kwa (2 + i). Huwezi kugawa kitu kwa watu ambao wengine wako mbele na wengine upande. Tafuta mwenza wa 2 + i. Mwenza ni namba ileile, ila sehemu yake ya upande imegeuzwa: 2 – i. Zidisha juu na chini kwa mwenza. Chini unapata 4 + 1, yaani 5, namba halisi isiyo na upande wowote. Juu unapata 15 + 10i. Gawa: 3 + 2i. Ile uliyoanza nayo wiki ile. Namba yoyote changamano, hata iwe imepinda vipi, ikikutana na mwenza wake inanyooka. Peke yake hainyooki.

Kuhusu safari ya Mama Qali, nasikitika. Felicitas hayupo kwa sasa. Amekwenda Kiritiri kwa dada yake aliyeolewa Mbeere, ambaye ni mgonjwa, na huenda akakaa. Asichoke bure kuja. Ile sukari ni haraka ya safari, asamehewe.

Mwalimu wako,
Hezekiah Muthamia

*

Maua,
28 Aprili 2025

Mwalimu wangu,

Nimerudia maswali yote ya kugawanya. Sasa mwenza ananitii.

Mama anasema pole kwa ugonjwa wa dada. Anasema pia Kiritiri si tatizo. Kabla ya Idi ya kuchinja lori la baba litakwenda huko kuchukua mbuzi, kama kila mwaka, naye atakaa mbele na Khalif. Anaomba tu jina la mume wa huyo dada, ili wakifika sokoni waulize.

Karatasi yangu ni tarehe nane Julai. Nimeanza kuota nikigeuka kushoto.

Sahra

*

Kianjokoma,
5 Mei 2025

Felicitas,

Wamekufuata hadi Kiritiri.

Ningeweza kukupeleka mbali zaidi. Nimelala nikifikiria Mombasa, hospitali, India. Mwalimu wa hesabu aliyefunza watu kuandika kila hatua ya kazi yao, nimelala nikitafuta mahali pa kukuficha ili usikutwe kaburini.

Mvua haijakatika tangu wiki iliyopita. Siwezi tena kushuka hadi kwako, udongo unateleza na pumzi zinakatika kabla ya mti wa pili. Nakuona tu kutoka dirishani, sehemu ya msalaba.

Nikisema kweli, anapoteza mwalimu miezi miwili kabla ya mtihani, na mimi nabaki na paka. Nikinyamaza, Mama Qali atazunguka soko la Kiritiri akiuliza watu habari zako, mwanamke mzima na heshima yake, hadi mtu amwambie mbele ya wauza mbuzi. Hilo ndilo siwezi. Kunidharau mimi ni haki yao. Kumfanya yeye kichekesho, hapana.

Na kuna jambo jingine ambalo halinipi usingizi. Yule mzee alikuombea afya.

Hezekiah

*

Kianjokoma,
20 Mei 2025

Sahra, binti yangu,

Barua hii isome kwa sauti mbele ya baba yako na mama yako, bila kuruka kitu. Ukiona aibu, mpe mama yako asome.

Felicitas hayuko Kiritiri. Hana dada mgonjwa huko. Alifariki mwaka wa 2022 na amezikwa katika shamba hili ninaloliona nikiandika. Alipougua hakutaka watu wa Meru wasumbuliwe, na mimi baada ya mazishi sikuwa na nguvu ya kumwandikia mtu. Bundi anajua, kila mtu hapa anajua. Lakini Khalif hakuuliza, na Bundi hasemi asichoulizwa. Hakuna aliyenisaidia kudanganya.

Salamu zote nilizokutumia kwa jina lake nilizitunga. Viazi, wali, yote. Samli niliila mimi, kwa kijiko, siku nyingine bila chakula kingine. Kopo nililijaza mwenyewe, nikaenda dukani kwa Bundi nikanunua kilichokuwa karibu na mkono, kwa sababu miaka yote tuliyokaa pamoja sikuwahi kumtazama anapojaza chombo cha mtu.

Mzee Barre, sasa nazungumza nawe. Ulifungua mlango kwa sharti moja, nami nikapita nikijua sharti halipo. Ungeniuliza ningesema nilifanya hivyo kwa ajili ya mtihani wa binti yako. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mimi ni mgonjwa. Madaktari hawanipi muda, na mimi siwaulizi. Ninaishi peke yangu na siwasikii watu. Barua za binti yako ndizo zilizokuwa zikiingia humu, na sauti yako ndani ya barua hizo, ukiuliza maswali yako kuhusu magunia. Nilikuwa nikizisoma asubuhi, nikizisoma tena mchana kana kwamba mgeni ameingia. Niliogopa zikome. Hiyo ndiyo sababu iliyonishika mkono.

Nilimfundisha Sahra kwamba tunaweza kushika kitu kisichokuwepo kwenye mstari wetu ili tuvuke tufike kwenye jibu la kweli. Lakini katika hesabu ya haki i huandikwa wazi kila hatua, kila mtu akaiona. Kosa langu si kumtaja Felicitas. Mimi humtaja kila siku. Kosa langu ni kwamba nilimwandika upande wa namba halisi, nikawaacha mmsalimie, mmpikie, mmwombee. Mlimwomba Mungu ampe afya mtu aliye chini ya udongo, kwa sababu yangu. Kwa hilo naomba radhi kwako na kwa Mama Qali.

Usiende Kiritiri, Mama Qali.

Sahra, najua barua hizi huenda zikakoma hapa. Nimeambatisha karatasi ya maswali na majibu yake yote, hatua kwa hatua, ili hata ukizuiwa kuniandikia usibaki bila kitu. La mwisho ni gumu. Nimeliandika kwa mkono unaotetemeka. Ile alama iliyo kama 7 ni 1.

Hezekiah Muthamia

*

Kianjokoma,
16 Juni 2025

Felicitas,

Lori limepita mara mbili. Nililiona kutoka kwenye uzio, likachukua makadamia likaondoka. Bundi aliniona nikitazama akatikisa kichwa kwa mbali, ili nisijisumbue kwenda.

Idi yao ya kuchinja imepita. Sikuwa na neno la kuwatumia.

Nafikiri wamefanya sawa. Mimi ningekuwa na binti, ningefanya hivyo. Kinachonisumbua ni lile swali la mwisho. Nimelipitia tena kichwani na sina hakika niliandika alama ya hasi mahali pake. Akifuata kosa langu ataliamini, kwa sababu ni langu.

Hakuna wa kumtuma.

H.

*

[Karatasi iliyosukumwa chini ya mlango]

29 Juni 2025

Mzee Muthamia,

Mimi si mtu wa kuandika lakini hapa nje hakuna njia nyingine. Tumegonga mlango mpaka majirani wametoka. Bundi ametupa hii kalamu.

Ile barua yako ilisomwa. Nilikasirika. Si kwa sababu mke wako amekufa, Mungu amrehemu. Nilikasirika kwa sababu mwezi mzima wa Ramadhani niliomba dua kwa kitu hakiko, na wewe ukasema imepokelewa. Nilimwambia Sahra basi, imekwisha. Hakubisha. Alikuwa akifanya ile karatasi yako usiku na mchana bila kusema na mimi.

Halafu Qali akaniambia alijua tangu sukari. Alisema hakuna mwanamke wa huku anaweza kurudisha chombo na kitu cha dukani, tena kwa mwenye duka. Alijua ndani ya hiyo nyumba kuna mwanamume peke yake ama mwanamke mgonjwa sana. Alitaka kuja aone ni gani. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, ungekataza barua, na mtoto angeanguka. Kwa hivyo nyumbani kwangu pia kulikuwa na mtu anaficha. Nikaona siwezi kukukasirikia wewe peke yako.

Sahra amekwama swali la mwisho. Anasema kuna mahali jibu lako na lake havikubaliani, na hathubutu kusema mwalimu amekosea. Mtihani ni wiki ijayo.

Sharti langu ni lilelile. Binti yangu haingii nyumba ya mwanamume aliye peke yake. Kwa hivyo leo hutakuwa peke yako. Mimi nitakaa hapo kwa kiti mpaka mmalize, na Qali yuko hapa na chakula. Tuko mlangoni, sisi watatu.

Fungua.

Barre Abdiqani

*

Kianjokoma,
5 Julai 2025

Binti yangu Sahra,

Bundi ndiye atakayempa Khalif barua hii kesho. Itakufikia kabla ya tarehe nane.

Katika lile swali la mwisho ulikuwa sawa wewe, nami nilikosea. Umefanya vizuri kulisema, ingawa ulinisogezea karatasi ukitazama meza. Siku ya mtihani usitazame meza. Kwanza soma swali lote. Ukiona i², simama, geuka. Ukiona kugawanya, mtafute mwenza kabla ya kuandika chochote. Andika kila hatua hata ile unayoona ni ya kitoto. Ukikwama, chora, uone unatazama upande gani.

Baba yako alilala kitini kabla hatujafika nusu, kofia imemfunika macho, nawe ukacheka kwa mkono mdomoni. Kicheko chenyewe sikukisikia, lakini nilikiona. Mama yako aliniandikia akiomba nimwonyeshe kaburi, nikamwambia siwezi kushuka, akashuka peke yake akiwa ameinua nguo juu ya tope. Alikaa huko kwa muda. Aliporudi aliingia jikoni akaosha vikombe vyote, hata vile visivyotumika.

Mlipoondoka nilisimama mlangoni hadi lori likakunja kona. Kisha nikakaa kwenye kiti alichokalia baba yako, kwa kuwa kilikuwa bado na joto.

Mwenda alituma ujumbe kama kawaida, baba, uko sawa? Safari hii nilimwandikia kwamba siko sawa, na kwamba mama yake hayupo na mimi sikai na mtu. Aliyajua, bila shaka, lakini hatukuwa tumeyaandika. Amejibu kwamba anaomba ruhusa kazini. Sijui kama nitakuwepo akifika. Mkono huu umechoka, na sidhani utaandika barua nyingine ndefu.

Mwambie Mzee Barre namshukuru kwa kukaa. Mwambie Mama Qali chumvi niliyotia kwenye chai ilikuwa bahati mbaya, na kwamba niliona aliinywa yote.

Nenda ukafanye karatasi yako.

Humu ndani hakuna mtu mwingine wa kukusalimu. Salamu hizi ni zangu mimi.

Hezekiah Muthamia